Wanataka kupunguza makali ya jua. Mvua yetu je?

MwalimuKipimamvua (mwanzisha uzi)

Hamjambo nyote. Mimi nafundisha jiografia katika shule moja ya upili huku Kawangware. Kila siku saa tatu asubuhi, mimi au mwanafunzi wa zamu huenda nyuma ya maabara kusoma kipimamvua. Tunaondoa faneli, tunatoa chupa iliyo ndani, tunamimina maji kwenye silinda yenye mistari, tunainama mpaka jicho liwe sawa na uso wa maji, kisha tunaandika kwenye daftari. Siku ambayo haikunyesha tunaandika sufuri, hatuachi pengo.

Juzi kijana wa kidato cha tatu alikuwa amesikia redioni kwamba kuna wanasayansi wanaofikiria kupoza dunia kwa kumwaga salfa angani. Akaniuliza silinda ikiwa bado mkononi: "Mwalimu, sasa mvua itakuwaje?" Nilimjibu kwa sentensi mbili tatu, na usiku sikulala vizuri kwa sababu jibu langu lilikuwa jepesi. Uzi huu ndio jibu nililopaswa kumpa. Ni mrefu, nivumilieni.

Wazo lenyewe ni hili. Ndege zipande hadi stratosfia, kilomita 20 hivi juu yetu, kupita mawingu, mahali ambapo hakuna mvua ya kuosha hewa. Huko zimwage gesi ya salfa dioksidi. Gesi hugeuka vitone vidogo mno vya asidi, wataalamu wanaviita erosoli, na vitone hivyo hurudisha sehemu ndogo ya mwanga wa jua kabla haujatufikia. Hukaa juu mwaka mmoja au miwili kisha hushuka, kwa hiyo kazi hiyo lazima irudiwe mwaka baada ya mwaka.

Kwamba dunia itapoa, hilo halina ubishi mkubwa, maana volkano zimekwisha kutuonyesha. Mlima Pinatubo kule Ufilipino ulipolipuka Juni 1991, ulirusha juu tani kati ya milioni 15 na 20 za salfa dioksidi, na wastani wa joto la dunia ukashuka kwa karibu nusu digrii ya Selsiasi mwaka uliofuata. Wengi wanaolipigia debe wazo hili huishia hapo. Lakini mwaka 2007 watafiti wawili, Kevin Trenberth na Aiguo Dai, walirudi kwenye takwimu za mvua na mito, wakakuta kwamba baada ya Pinatubo mvua ya nchi kavu ilipungua sana, na maji ambayo mito humwaga baharini yakapungua pia.

Kwa nini? Mtu wa Nairobi anaweza kulielewa hili kwa kutazama kamba ya nguo. Fua Februari, uanike saa nne, kufikia adhuhuri umeshaanua. Fua Julai, wingu likiwa limetanda juu ya mji tangu alfajiri, jioni sweta la mtoto bado linadondoka maji kwenye mikono, na keshokutwa linanuka uvundo. Bahari na udongo ni kama nguo hizo. Maji hayapandi bila nishati ya jua, na mvua ni yale maji yaliyopanda. Punguza jua, mvuke unapungua, na mvua nayo.

Kuna jaribio la modeli za kompyuta lililochapishwa mwaka 2013 na Simone Tilmes na wenzake. Waliongeza kaboni dioksidi mara nne, halafu wakapunguza jua mpaka joto la dunia likarudi lilipokuwa. Joto lilirudi. Mvua haikurudi. Kwa dunia nzima ilipungua kwa takriban asilimia 4.5, na katika baadhi ya maeneo ya pepo za msimu upungufu kwenye nchi kavu ulikuwa kati ya asilimia 5 na 7. Jaribio hilo lilifanywa makusudi kwa kiwango kikubwa kupita kiasi ili jambo lionekane wazi, hakuna anayependekeza kipimo hicho. Hata hivyo lilinifunza kwamba mtu akikuahidi kurudisha joto la zamani, hajakuahidi mvua ya zamani.

Sababu ya pili: pepo za msimu zinaendeshwa na tofauti ya joto kati ya bara na bahari. Bara linapopata moto kuliko bahari, hewa yake hupanda na hewa yenye unyevu huvutwa kutoka baharini. Jua likipungua, bara hupoa haraka kuliko bahari, na ule mvuto unalegea. Ndiyo maana Alan Robock na wenzake mwaka 2008, walipoweka salfa katika modeli yao, waliona mvua za kiangazi cha kaskazini za Asia na Afrika zikivurugika.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ule mkanda mkubwa wa mvua unaozunguka dunia karibu na ikweta huelekea upande wenye joto zaidi. Ukipoza nusu ya kaskazini peke yake, mkanda unasogea kusini. Ukipoza ya kusini, unasogea kaskazini. Hii si nadharia ya kwenye karatasi tu. Juni 1783 ardhi ilipasuka kule Laki, Iceland, ikatema moto na gesi kwa miezi minane, salfa dioksidi inayokadiriwa kuwa tani milioni 120. Nusu ya kaskazini ikapoa. Mvua za milima ya Ethiopia zikawa hafifu, na kwa kuwa maji mengi ya mafuriko ya Nile hutoka huko, mto haukujaa Misri mwaka huo wala uliofuata. Msafiri Mfaransa, Volney, aliyekuwa Misri wakati huo, aliandika kwamba kufikia Januari 1785 nchi ilikuwa imepoteza mtu mmoja katika kila sita, waliokufa na waliohama. Hebu fikirini mkulima wa Misri akikaa kando ya mfereji mkavu. Iceland hajawahi hata kuisikia.

Mwaka 2013 Jim Haywood na wenzake walichunguza Sahel, ule ukanda mkavu wa kusini mwa Sahara. Walikuta kwamba kati ya misimu minne mikavu kabisa ya Sahel tangu 1900, mitatu ilitanguliwa na milipuko mikubwa ya volkano katika nusu ya kaskazini. Mmojawapo ni El Chichón wa Meksiko, 1982. Modeli yao ilipoweka salfa kaskazini pekee, Sahel ilikauka. Ilipoiweka kusini pekee, Sahel ikawa na kijani.

Kwa hiyo anayechagua latitudo ya kumwaga salfa amechagua nani atanyeshewa. Hilo ndilo neno langu moja katika uzi huu wote. Mengine ni maelezo yake.

Sasa sisi. Mkanda huo hutupita mara mbili kwa mwaka, ukipanda na ukishuka, ndiyo sababu tuna masika na vuli. Mama yangu analima Mwingi, na Ukambani vuli ndiyo mvua ya kutegemewa zaidi. Katikati ya Oktoba hupanda kavu, yaani mbegu zinaingia ardhini kabla tone halijaanguka, ili mvua ya kwanza isipotee. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilishindwa. Katika mmoja wao ilinyesha mara mbili, ndengu zikatoa majani mawili mawili, halafu mbingu zikafunga. Nilipokwenda nyumbani nilimkuta amechuchumaa kwenye mstari, anachimbua kwa kidole mbegu ambazo hazijaota ili azirudishe kwenye kibuyu. Alizipuliza vumbi moja moja.

Nikisikia "upungufu wa asilimia 5 tu", nafanya hesabu ya shamba lile. Tuseme msimu una milimita 300. Asilimia 5 ni milimita 15, mvua ya usiku mmoja. Kama ni usiku mmoja wa Desemba baada ya ndengu kukomaa, hakuna atakayejua. Kama ni ule usiku wa Novemba mahindi yanapotoa ndevu, magunia yameenda. Wastani hauna tarehe, na mkulima anaishi kwa tarehe.

Karibuni tujadili.

KijanaWaRongai

Mwalimu asante kwa somo. Je, hii ndiyo ile ya Dubai ya kutengeneza mvua? Maana Aprili 2024 kule palifurika na watu wakasema ni mvua ya kupandwa.

MwalimuKipimamvua

Ni vitu viwili tofauti, ndugu yangu. Kupanda mvua ni kumwaga chumvi au iodidi ya fedha ndani ya wingu ambalo tayari lipo, na athari yake ni ya mahali pale kwa saa chache. Haiwezi kuleta dhoruba ya ukubwa ule, ile ilitokana na mfumo mkubwa wa hali ya hewa. Ninachozungumzia hapa kinafanyika juu ya mawingu, kinazunguka dunia nzima, na kinadumu mwaka au zaidi.

NahodhaMstaafu_Lamu

Salaam aleikum mwalimu. Mimi ni mtu wa bahari, hayo ya salfa siyajui, lakini umetaja pepo na hukutaja majina yake. Sisi tuna kaskazi na kusi. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Kusi ikishika sana katikati ya mwaka, mvuvi mdogo hatoki. Sasa niambie, hizi pepo zetu nazo zimo katika hesabu yao, au wanahesabu mvua tu?

MwalimuKipimamvua

Waaleikum salaam, mzee wangu. Zimo, tena swali lako limegusa mshipa. Kusi hiyo hiyo ndiyo pepo za msimu za India zikiwa bado njiani. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa aitwaye Findlater alieleza kwamba kuna mkondo wa upepo wa kasi, kilomita moja na nusu hivi kutoka chini, unaotoka kusini ya ikweta, unaopita juu ya nyanda za mashariki mwa Kenya, unapinda Somalia na kuvuka bahari hadi India. Milima yetu ndiyo ukuta unaouelekeza. Upepo unaomzuia mvuvi wa Lamu Julai ndio unaombebea mkulima wa Maharashtra maji.

Ndiyo sababu siwezi kukubali watu wazungumze habari za mvua ya India kana kwamba ni mambo ya India. Mvuto wa bara la Asia ukilegea, kusi nayo inabadilika, na bahari iliyo mbele ya nyumba yako inabadilika. Kusi kali hupandisha maji baridi ya chini pwani ya Somalia, na maji hayo ndiyo yenye chakula cha samaki.

Niongeze la bahari maana umelifungulia mlango. Kufifisha jua hakuondoi kaboni dioksidi. Bahari itaendelea kuinyonya na kuzidi asidi, na matumbawe ya Watamu na Kisite hayatapata nafuu upande huo.

Nyakio_wa_Anga

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa sayansi ya anga hapa Nairobi. Umeeleza vizuri lakini naomba nikupinge mahali pawili.

Kwanza, mifano ya Laki na El Chichón ni ya salfa iliyolemea upande mmoja. Hakuna mtafiti makini anayependekeza hivyo leo. Katika majaribio ya modeli ya GLENS yaliyotoka 2018, salfa inamwagwa latitudo nne, nyuzi 15 na 30 kaskazini na kusini, na kila mwaka kompyuta inarekebisha kiasi cha kila mahali ili tofauti ya joto kati ya kaskazini na kusini isibadilike. Lengo ni kwamba mkanda wa mvua usisogee.

Pili, umewataja walioumia bila kuwataja ambao wangefaidika. Romaric Odoulami na wenzake mwaka 2020 walionyesha kwa modeli kwamba uwezekano wa ukame kama ule ulioifikisha Cape Town karibu na siku ya kufunga mifereji ya maji ungeweza kupungua kwa asilimia 90 hivi, ukilinganisha na dunia inayoendelea kuchemka. Ni utafiti ulioongozwa na Waafrika kuhusu Afrika. Lazima uwekwe mezani.

MwalimuKipimamvua

Marahaba, binti yangu. Umenisahihisha na nakubali. Nilipaswa kuanza na hilo la latitudo nne.

Lakini nisaidie mahali pamoja. Hata katika GLENS, mvua ya kiangazi ya India haikupungua? Nilisoma kwamba vile vitone huchemsha tabaka la chini la stratosfia, na joto hilo la juu linabadilisha pepo za chini.

Nyakio_wa_Anga

Ndiyo, ilipungua, na sababu ni hiyo uliyoitaja. Utafiti wa Simpson na wenzake, 2019. Salfa inanyonya joto kidogo huko juu, na mabadiliko hayo yanateremka hadi kwenye mvua. Kwa hiyo kusawazisha kaskazini na kusini kunasaidia mkanda usisogee, hakumalizi tatizo.

Na nitakuongezea silaha wewe mwenyewe ingawa ninakupinga. Kwetu Afrika Mashariki modeli zina aibu ya zamani. Tangu miaka ya themanini vipimo vya ardhini vilionyesha masika yakipungua kwa miongo kadhaa, na modeli zilikuwa zikisema yataongezeka. Wenzetu wanaiita kitendawili cha hali ya hewa ya Afrika Mashariki, na hakijateguliwa sawasawa. Modeli ile ile isiyoelewa masika yetu ya kawaida ndiyo tunayoiuliza masika yatakuwaje jua likififishwa.

MwalimuKipimamvua

Hapo umesema kile nilichokuwa nakitafuta tangu juzi nikakosa maneno yake.

Mfugaji_Marsabit

Nimesoma yote kimya. Mimi sina elimu ya anga. Katika ule ukame wa misimu mitano nilipoteza ng'ombe wote na ngamia kumi na mmoja. Ngamia, mwalimu. Ngamia akifa kwa kiu ujue nchi imekwisha. Hakuna aliyemwaga salfa wakati ule. Jua lilikuwa jua la Mungu. Sasa mtu akija na dawa inayoweza kupunguza hiyo hatari, nyinyi wa Nairobi mnaokunywa maji ya bwawa la Ndakaini mnaikataa kwa niaba yangu?

MwalimuKipimamvua

Ndugu yangu, pole sana. Nimekaa na ujumbe wako tangu jana kabla ya kujibu.

Siikatai kwa niaba yako. Sina haki hiyo. Ule ukame wenyewe uliletwa na La Niña, yaani kupoa kwa maji ya bahari ya Pasifiki, ya miaka mitatu mfululizo, na joto la dunia likauongezea makali kwa kukausha malisho upesi. Dunia isiyofanya lolote imekwisha kukudhuru, na nikisema "tusiguse kitu" nitakuwa nimekuhukumu ubaki ulivyo. Halafu miezi michache baada ya ukame kuisha ikaja El Niño, kinyume chake, na Aprili 2024 mafuriko. Kwetu chupa ya kipimamvua ilijaa ikafurika hadi kwenye kopo la nje, tukalazimika kupima mara mbili. Mathare nyumba zilienda na maji, Mai Mahiu watu walizolewa usiku, na serikali ikasogeza mbele ufunguzi wa shule. Najua hali ilivyo si salama.

Ninachoogopa ni hiki. Dawa hii ikianza haiachwi ghafla. Ikiwa nchi inayorusha ndege itaingia vitani au itafilisika, vitone vitashuka ndani ya mwaka mmoja au miwili, na joto lote lililokuwa limefichwa litarudi kwa kasi ambayo mimea na mifugo haitaiweza. Na ikitokea msimu ukashindwa Marsabit wakati ndege zinaruka, utamshtaki nani? Watasema ni La Niña. Huenda itakuwa La Niña kweli. Utathibitishaje, kama kaunti nzima ina vipimamvua vya kuhesabika?

Ningependa wewe uwe mmoja wa wanaoulizwa. Si mimi.

Mfugaji_Marsabit

Hilo la kushtaki nimelielewa. Endelea.

WakiliWaMitaaYaJuu

Kuhusu kuulizwa, wengi hawajui kwamba suala hili limekuja Nairobi mara mbili. Machi 2019, katika Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa pale Gigiri, Uswisi ilileta azimio la kutaka tathmini na usimamizi wa teknolojia hizi. Marekani na Saudi Arabia zilipinga, likaondolewa. Februari 2024 Uswisi ikarudi pale pale ikitaka kikundi cha wataalamu. Kundi la Afrika halikutaka kitu kinachoweza kulihalalisha jambo hili, na azimio likaondolewa tena. Msimamo wa Afrika ulikuwa umeshawekwa Agosti 2023 Addis Ababa, mawaziri wa mazingira walipotaka utaratibu wa kimataifa wa kutotumia teknolojia ya kufifisha jua.

Sheria ya kimataifa yenye meno bado haipo. Meksiko ilitangaza Januari 2023 kwamba itapiga marufuku majaribio hayo baada ya kampuni changa ya Marekani kurusha maputo yenye salfa huko bila ruhusa. Sisi tungejua kama puto limerushwa Turkana?

MwalimuKipimamvua

Gigiri ni matatu mbili kutoka darasani kwangu. Mara zote mbili nilikuwa naandika milimita kwenye daftari nisijue mvua ile ile inajadiliwa ng'ambo ya mji.

Naunga mkono msimamo wa Addis kuhusu kutotumia. Lakini Nyakio amenitia wasiwasi mmoja: tusifunge na mlango wa kujua. Kama hatuchunguzi sisi, watachunguza wengine, na siku ya kukaa mezani tutakuwa tunasoma ramani zao za mvua yetu. Wanafunzi kama yeye wapewe kompyuta na fedha. Na vituo vya kupima viongezwe.

Hapa ndipo naomba msaada wenu. Nyakio amenieleza faraghani kwamba kumbukumbu za zamani za mvua nchini zimejaa mapengo, na kila daftari linalopatikana linasaidia kujua masika na vuli vilivyokuwa kabla ya haya yote. Mashamba ya chai, mashamba ya kahawa na misheni nyingi zilikuwa na vipimamvua. Madaftari mengine yako kwenye stoo. Kama unajua lilipo moja, sema.

Wambo_Ruiru

Mwalimu, marehemu babu alikuwa karani katika shamba la kahawa huku Ruiru. Tuna madaftari manne ya mvua, mwandiko wake, tangu kabla ya uhuru. Mawili yaliloweshwa paa lilipovuja, kurasa zimegandana. Nyanya alikuwa anataka kuwashia moto.

MwalimuKipimamvua

Mwambie nyanya asiwashe, tafadhali. Usizibandue hizo kurasa, weka madaftari mahali pakavu penye kivuli, yasiguswe na jua. Jumamosi nakuja na Nyakio amekubali kuja. Ukitazama safu ya kulia, je, aliandika sufuri siku kavu, au aliacha wazi?

Wambo_Ruiru

Nimefungua lile kavu. Kaandika sufuri. Kila siku.